Namba ya Katikati: Kuchagua Rimu na Matairi ya Gari la Zamani

(Hotuba tuliyoitoa Tororo mbele ya wenye magari ya zamani, mafundi wa matairi na madereva kutoka Tororo, Malaba na pande zote mbili za Busia)

  Tumezoea kukutana nanyi barabarani, sisi tumesimama na ninyi mmeketi, tena pande zote mbili zikiwa na haraka. Leo sote tumeketi, na hakuna anayemwonyesha mwenzake leseni.

Mada tuliyopewa ni namna ya kuchagua rimu na matairi ya gari la zamani. Baadhi yenu mliuliza mlangoni: polisi na rimu, wapi na wapi? Jibu tutalitoa kwa vitendo tunapoendelea. Kwa sasa itoshe kusema kwamba eneo letu lina magari mengi ambayo umri wao umepita umri wa vijana wanaoyaendesha. Kuna Peugeot 404 na 504, Land Rover fupi na ndefu, Volkswagen Beetle, Datsun na Morris Minor. Mengine yanafanya kazi kila siku ya Mungu. Mengine hutolewa kwa harusi na sikukuu tu. Machache husafishwa mwaka mzima yakingoja kwenda Nairobi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970.

Upendo huu haukuzuka bure. Mbio za magari za Safari zilipoanzishwa mwaka 1953 zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya udongo na matope haya haya tunayoyafahamu. Peugeot 404 ilishinda mbio hizo mara nne, yaani mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, Peugeot 504, ilishinda mwaka 1975 na 1978, na nchini Kenya iliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004. Wazee wetu waliyanunua magari haya kwa sababu waliyaona yakistahimili barabara zao. Anayelitunza gari la baba yake leo anatunza pia sehemu ya historia ya nyumba yake, na sisi hatuna nia ya kumvunja moyo.

Tunaomba kuanza somo letu kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno tulikuwa tumeweka kizuizi kwenye barabara ya kutoka Malaba kuja Tororo. Ilifika Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, safi kama imetoka dukani. Usukani ulikuwa mikononi mwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Mkewe aliketi kando yake, na nyuma walikuwamo binti yake, mkwewe na mjukuu wa miaka tisa. Ndani ya buti mlikuwa na magunia mawili ya mahindi. Tulitazama leseni, ikawa sawa. Tulitazama bima, ikawa sawa. Tulihesabu watu, hawakuzidi. Gari lilikuwa limevalishwa rimu mpya za aluminiamu zilizong'aa hata mmoja wetu akatoa simu akapiga picha. Tulimwambia mwenyewe, "Mzee, gari umelitunza." Akacheka, tukampungia mkono akaenda zake.

Haikupita nusu saa tukaitwa. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limepasuka, gari likaacha barabara na kuingia mtaroni. Wakubwa walitoka na michubuko. Mtoto alivunjika mguu. Mzee ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo hili mradi tusitaje jina lake, na ametutuma tuwasalimu.

Pale mtaroni ndipo tulipoinama na kusoma lile tairi. Halikuwa na kipara, lilikuwa jipya, meno yake yamesimama. Ubavuni liliandikwa 175/65 R 14 82T. Gari lile lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya 175 R 14. Mzee alikwenda dukani akaomba "mia sabini na tano, kumi na nne". Muuzaji akampa mia sabini na tano, kumi na nne. Fundi akayafunga vizuri, nati zote zimekaza. Nasi tukalipitisha gari. Ndugu zetu, katika mlolongo ule hapakuwa na mwongo hata mmoja. Tulikuwa pande nne, sote tukasoma namba mbili, na hakuna aliyesoma namba ya katikati.

Basi tuisome leo pamoja.

Namba ya kwanza, 175, ni upana wa tairi kwa milimita, likiwa limejazwa upepo. Namba ya mwisho, 14, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, na tutairudia. Namba ya katikati, 65, ndiyo kimo cha ubavu wa tairi, lakini haikuandikwa kwa milimita. Ni asilimia ya upana. Kwa hiyo ubavu wa tairi lile ulikuwa asilimia 65 ya milimita 175, yaani karibu milimita 114.

Matairi mengi ya radiali ya miaka ya 1960 na 1970 hayana namba ya katikati kabisa. Yaliandikwa 165 R 15 au 175 R 14, basi. Kukosekana kwa namba hiyo hakuna maana kwamba weka yoyote upendayo. Maana yake ni kwamba ubavu ni mrefu, takriban asilimia 82 ya upana. Kwa 175 R 14 tunapata ubavu wa karibu milimita 143 na nusu.

Sasa tufanye hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chukua ubavu wa juu, ongeza ubavu wa chini, ongeza kipenyo cha rimu. Inchi 14 ni karibu milimita 356. Tairi la kiwandani linafikia karibu milimita 643 kutoka ardhini hadi juu. Tairi alilouziwa mzee linafikia karibu milimita 583. Tofauti ni sentimita 6, sawa na asilimia 9. Gari zima limeshuka kwa sentimita 3, na kila gurudumu linalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili kufika pale pale.

Hata hivyo, kimo si jambo lililotuumiza zaidi siku ile. Tazameni namba inayofuata, 82. Hiyo ni alama ya uzito. Kila namba ya aina hiyo ina kilo zake katika jedwali linalotumika duniani kote: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, na 100 ni kilo 800. Tairi la 175 R 14 la kawaida huwa na alama ya 88. Mawili yakiwa nyuma hubeba kilo 1,120. Mawili ya alama 82 hubeba kilo 950. Pengo ni kilo 170, uzito wa watu wazima wawili pamoja na mtoto. Tulipokadiria uzito wa gari lenyewe, watu waliokuwamo na yale magunia mawili, tuliona ekseli ya nyuma ilikuwa imebeba zaidi ya kilo 1,000. Kwa matairi ya kiwandani safari ile ingekuwa ya halali. Kwa matairi mapya ilikuwa ni kuzidisha mzigo bila ya mwenyewe kujua. Tairi linalobeba zaidi ya uwezo wake hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Ndiyo maana lilikwenda kilomita nyingi salama kisha likakata tamaa ghafla.

Herufi ya mwisho ni ya mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190. Kwa barabara zetu herufi hiyo si tatizo la mara kwa mara. Tatizo letu ni kilo.

Huenda mmoja wenu akasema: matairi ya 175 R 14 ni adimu siku hizi, nifanye nini? Ni swali la haki. Kanuni wanayoifuata mafundi wengi ni kwamba tairi la badala lisitofautiane na la kiwandani kwa kimo zaidi ya asilimia 3, na alama yake ya uzito isiwe chini ya ile ya kiwandani. Kwa Peugeot 504, tairi la 195/70 R 14 hufikia karibu milimita 629, pungufu ya asilimia 2 tu, na mara nyingi lina alama ya 91. Tairi la 195/75 R 14 hufikia karibu milimita 648, ziada ya asilimia 1. Yote mawili ni mapana kidogo kuliko la zamani. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fundi ahakikishe kwamba upana wa rimu unalikubali, kisha azungushe usukani hadi mwisho kushoto na kulia, gari likiwa na mzigo, kuona kama linagusa madigadi au springi.

Kuna pia kosa la upande wa pili, yaani kuweka matairi makubwa kupita kiasi. Hili tunaliona kwenye Land Rover. Land Rover fupi ya inchi 88 ilitoka na matairi ya 6.00-16, na ile ndefu ya inchi 109 ilitoka na 7.50-16. Namba za kizamani namna hii ni za inchi: upana ni inchi 6 au inchi 7 na nusu, na ubavu una kimo kinachokaribia upana. Vijana wengi huchukua matairi ya Land Rover ndefu wakayavalisha fupi kwa sababu linapendeza likisimama juu. Gurudumu linaongezeka kimo kwa zaidi ya asilimia 10. Breki zile zile ndogo sasa zinashika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi, na gari linahitaji nafasi kubwa zaidi ili lisimame. Zaidi ya hapo, spidomita inaanza kumdanganya dereva. Mshale ukionyesha kilomita 80, gari linakaribia 90. Dereva anatuapia kwa jina la mamaye kwamba hakuzidisha mwendo, na kwa kadiri ya alichokiona hasemi uongo. Lakini mtoto anayevuka barabara mbele ya shule hagongwi na mshale wa spidomita.

Wenye magari ya zamani sana wakumbuke jambo jingine. Spidomita nyingi za magari yaliyotoka Uingereza ziliandikwa kwa maili. Mshale ukisimama kwenye 50, gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Dereva aliyezoea magari ya leo akikopeshwa gari la babu yake, anaona kibao cha 50 mjini, anatazama mshale kwenye 50, anajihesabu mtii wa sheria. Tunawaomba mbandike karatasi ndogo kando ya spidomita yenye kipimo cha kilomita. Ni kazi ya dakika tano.

Tuingie sasa kwenye rimu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hakuna kipya kinyemi kama rimu inayong'aa. Rimu ina mambo matano ya kulinganishwa kabla ya kung'aa: kipenyo, upana, matundu ya nati, kina cha kukaa, na umbo la nati zenyewe.

Kuhusu kipenyo, jihadharini na rimu zilizopimwa kwa milimita. Baadhi ya Peugeot 505 zilitoka na rimu za Michelin TRX za milimita 390. Inchi 15 ni milimita 381. Kwa macho rimu hizo zinafanana, lakini tairi la inchi 15 halikai juu ya rimu ya 390, na fundi anayelilazimisha kwa upepo mwingi anahatarisha uso wake mwenyewe. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma.

Kuhusu matundu, kuhesabu hakutoshi. Rimu mbili zinaweza kuwa na matundu matano kila moja, lakini duara la matundu hayo la kwanza likawa milimita 112 na la pili milimita 114.3. Tofauti ni milimita mbili na kitu. Nati zitaingia kwa kulazimishwa, zitakaza kwa upande mmoja, kisha zitalegea barabarani. Volkswagen Beetle za awali zilikuwa na boliti tano katika duara la milimita 205. Za baadaye zina boliti nne katika duara la milimita 130. Hata jina la gari likiwa lile lile, pima.

Kuhusu kina cha kukaa, tunamaanisha mahali ambapo uso wa rimu unalala kwenye kitovu cha gurudumu, kuelekea ndani au nje. Rimu inayosukuma gurudumu nje ya madigadi inaongeza mzigo kwenye beringi, inabadilisha tabia ya usukani, na inarusha mawe kwa waendesha baiskeli na bodaboda. Vile vipande vya chuma vinavyowekwa katikati ili kulisogeza gurudumu nje vinafanya vivyo hivyo, na mara nyingi vinaacha boliti ikishika nyuzi chache tu za nati. Na umbo la nati lazima liafikiane na tundu: nati ya koni haikai vizuri kwenye tundu la mviringo, wala nati fupi ya rimu ya chuma haifai rimu nene ya aluminiamu. Baada ya kufunga rimu yoyote, mrudi kuzikaza nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Fundi mwema hatadai malipo ya pili kwa hilo.

Tuliahidi kuirudia herufi R. Magari ya kabla ya miaka ya 1960 mengi yalitumia matairi ambayo nyuzi zake zimepishana kama ukili wa mkeka. Michelin ilisajili hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, ambalo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na polepole aina hiyo ikatawala. Aina hizi mbili hazishiki barabara kwa namna moja. Usizichanganye kamwe kwenye ekseli moja. Na ikiwa dhiki imekufikisha mahali pa kuwa na jozi moja ya kila aina, radiali zikae nyuma. Zikikaa mbele, mkia wa gari utateleza kwenye kona kabla hujajua. Rimu za spoku nazo, na nyinginezo zilizounganishwa kwa ribiti, hupitisha upepo. Hizo zinataka tyubu, hata kama muuzaji anasema tairi lake halihitaji.

Jambo la umri linawahusu wenye magari ya harusi kuliko wote. Gari linalotembea mara tatu kwa mwaka halimalizi meno ya matairi, kwa hiyo mwenyewe huyaona mapya milele. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala kivulini. Mwisho wa maandishi yanayoanzia na herufi DOT utakuta tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kubeba mtu yeyote hata kama limepakwa dawa likawa jeusi kama lami. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisipite miaka 10, na kabla ya hapo likaguliwe kila mwaka. Mnaijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ubavu wa tairi hauzibwi, huondolewa pamoja na tairi lake. Kwa upande wa meno, ndani ya mifereji ya tairi kuna vijitofali vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha.

Anayenunua matairi ya mtumba, awe Busia ya Uganda au Busia ya Kenya, asome tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei. Kwa hakika hili ndilo jema la namba hizi: hazibadiliki ukivuka mpaka. Fedha hubadilika, kibao cha usajili hubadilika, hata sare zetu zinatofautiana, lakini 88 ni kilo 560 Tororo, Malaba na Kisumu. Sheria za barabarani za nchi zetu mbili nazo zinadai jambo moja, kwamba gari liwe katika hali ya kufaa barabarani. Kwa hiyo hakuna upande wa mpaka ambako tairi baya hugeuka kuwa zuri.

Mnapomaliza kufunga matairi, fanyeni majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni la chaki. Weka alama kwenye tairi na nyingine ardhini pale linapogusa, sukuma gari hadi tairi lizunguke mara moja, kisha pima kwa futi kamba. Rudia kwa magurudumu yote manne. Kwa gari lililoundwa na matairi sawa mbele na nyuma, gurudumu moja likipishana na mengine, mmechanganya ukubwa au upepo. La pili ni la barabarani, mchana, mahali pasipo na msongamano, tena kuwe na mtu wa pili wa kutazama saa. Shika kilomita 60 kwa mshale, bila kupanda wala kushuka. Kilomita moja inapaswa kuchukua sekunde 60. Ikichukua 54, gari lina mwendo kuliko linavyokiri. Upepo nao upimwe asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, kwa kiwango cha kitabu cha gari, na kiongezwe kama kitabu kinavyoelekeza gari likibeba mzigo.

Kwa mafundi wetu tuna ombi moja. Mteja akija na namba mbili, muulizeni ya tatu. Asipoijua, tokeni nje mkasome tairi la zamani, au kitabu, au kibandiko cha mlangoni. Kama tairi sahihi halipo dukani, mwambieni hivyo. Huenda mkapoteza mauzo ya siku moja, lakini mzee yule angali anawatafutia wateja mafundi waliomfaa.

Na kwa upande wetu, tangu siku ile tumejiwekea utaratibu. Afisa anayelisimamisha gari la zamani anainama. Anasoma ubavu wa matairi yote manne kabla ya kulisifu gari. Akikuta namba isiyofaa, kazi yake ya kwanza ni kumweleza dereva kwa lugha anayoielewa, na kutoliruhusu gari kuendelea na mzigo mpaka upunguzwe. Tunajua kwamba baadhi yenu mtauona utaratibu huu kuwa ni usumbufu. Mkiuona hivyo, njooni ofisini mtuambie, mlango uko wazi.

Mzee wetu alibadilisha matairi. Zile rimu za aluminiamu aliziuza, akarudisha za chuma zilizokuja na gari, zenye vikombe vilivyofifia. Mguu wa mjukuu umepona, ingawa bado anachechemea asubuhi za baridi. Wiki kadhaa zilizopita gari lile lilifika tena kwenye kizuizi chetu. Kijana ndiye aliyefungua mlango kwanza, akashuka, akainama kando ya tairi la nyuma la kushoto, akatusomea kwa sauti, "Mia moja tisini na tano, sabini, kumi na nne." Aliitaja ile ya katikati kwa kuikazia.

Tuko tayari kwa maswali yenu. Baada ya maswali tutatoka sote uani, tukasome matairi ya magari mliyokuja nayo, tukianzia na la polisi.